Chaneli yako au video za wateja?

Unasoma utangazaji kwa mtandao hapa Dar na unataka kuingiza hela? Chaneli yako ya YouTube inakujengea jina, ila kwa video ndefu mgawo wa hela za matangazo hauanzi mpaka uwe na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Hata hapo, hela haitumwi kabla haijafika dola 100. Bando unanunua wewe. Na ukigusa habari, soma kwanza kanuni za leseni za TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Video za wateja ni kitu kingine. Mwenye duka la vitenge Kariakoo anataka sekunde 30 za mzigo mpya. Unafika saa mbili asubuhi njia hazijajaa, unasogeza kitenge mlangoni kwenye mwanga, unarekodi kwa simu. Jioni umeshalipwa. Somo la mwanga la jana usiku umelifanyia mazoezi leo! Tatizo ni mteja anayetaka marekebisho usiku wa mtihani. Mmoja alinichosha kweli, kisha akalipa nusu.

Mimi ningeanza na wateja, malipo ya awali mkononi, na chaneli video moja kila Jumapili.