PlugShare kwa mwenye Leaf: soma tarehe kabla ya kuamini ramani

Gari langu ni Nissan Leaf ya 2018, mtumba kutoka Japani. Betri ilikuwa ya yuniti 40 ikiwa mpya; leo dashibodi inaonyesha uwezo wake umebaki vipande 10 kati ya 12. Kwa gari la hali hiyo, sitoki Nairobi kabla sijajua nitachaji wapi, na kwa kazi hiyo nategemea PlugShare.

Ni programu ya simu, ya bure. Inakuonyesha ramani yenye alama: za kijani ni vituo vya kawaida, za rangi ya chungwa ni vya chaji ya kasi. Usianze safari kabla ya kuchuja ramani ibaki na plagi zako tu. Leaf za Japani zina matundu mawili, CHAdeMO ya kasi na Type 1 ya polepole. Nguzo ya CCS, plagi nyingine ya kasi, haikusaidii hata ukiegesha ubavuni mwake. Ya Type 2, plagi nyingine ya polepole, itakufaa ukiwa na waya wa kuiunganisha na Type 1, na huo wangu hautoki kwenye buti.

Thamani yake halisi lakini si alama, ni ripoti za madereva. Mwezi jana nilimpeleka mama Naivasha, kilomita kama 90. Njia ya juu, ya Kimende, inapanda sana, na nilifika na asilimia 41. Kituo nilichokilenga kilionyeshwa kuwa na CHAdeMO. Nilipofika, waya ulikuwa umekatika karibu na kishikio, shaba inaonekana, umefungwa kwa karatasi ya nailoni. Askari wa hapo akaniambia, "Hii, mzee, haijafanya kazi tangu mvua." Ripoti ya mwisho ya kituo hicho ilikuwa ya miezi saba nyuma, na ningeisoma nyumbani ningejua.

Nikafungua ramani tena, safari hii nikianza na tarehe. Hoteli moja jirani ilikuwa na ripoti ya siku tatu tu: chaji ya polepole, swichi iko ndani ya kibanda cha lango, muulize mlinzi. Ilikuwa hivyo hivyo. Tulikula samaki bila haraka, mama akapata na usingizi kidogo kivulini, na baada ya saa tatu na nusu tukaondoka na asilimia 72. Aliyeandika ile ripoti simjui, ila namshukuru sana.

Hilo ni swali la wapi. La lini itabidi ulijibu mwenyewe, na linahusu pesa. EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati Kenya, ilipotoa bei mpya za stima mwaka 2023 iliweka ya magari peke yake: shilingi 16 kwa yuniti, na shilingi 8 saa za usiku, kabla ya kodi na tozo. Siku za kazi, usiku huo ni saa 4 hadi saa 12 asubuhi. Mita ya kawaida ya tokeni haina nafuu hiyo, mchana na usiku ni bei moja. Kwa hiyo kama mna uwanja wa kuegesha wenye mita ya magari, chomeka saa 4. Chaja ya kilowati 3 itakuwa imevuta yuniti 24 kufikia alfajiri.

Na ukienda mbali, panga chaji ya kasi iwe moja, nyingine iwe ya polepole. Betri ya Leaf haina mfumo wa kuipoza, na ikishapata joto, chaji ya pili ya kasi huwa si ya kasi tena.

Tukiwa bado pale hotelini niliandika ripoti yangu kwenye kituo cha kwanza, nikaweka na picha: "Waya wa CHAdeMO umekatika. Ya polepole iko hoteli jirani, swichi ni kwa mlinzi wa lango."