Programu ya kupima umbali wa ndege, Entebbe mpaka London: uzoefu wangu na safari ya mama

Nyota tatu kwa tano. Kilomita iko sawa, masaa ndo yalinisumbua.

Dada yangu alijifungua London mwezi wa saba na mama yetu anayekaa Bombo, kaskazini ya Kampala, ambaye hajawahi kupanda ndege, akasema lazima aende kuona mjukuu. Magoti yake yanavimba akikaa sana, kwa hiyo kabla ya tiketi nilitaka kujua atakaa kwenye kiti muda gani. Nikapakua programu, nikaandika miji miwili, ikaleta kilomita kama 6,450 na masaa saba na dakika kumi. Nikamwambia mama saba. Kumbe ile inachukua kilomita inagawanya kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa basi, haijali ndege inavyopanda na kushuka polepole, na ule mstari wake ulionyooka unapita juu ya Darfur na Libya, wakati anga ya Sudan ndege nyingi za abiria zinaikwepa tangu vita vianze Aprili 2023. Safari yenyewe ni karibu masaa tisa.

Pale iliponisaidia kweli ni kulinganisha njia. Wakala alikuwa ananisukumia tiketi ya kupitia Dubai kwa sababu bei yake ni nafuu, nikapima vipande viwili nikaona ni kama kilomita 9,200, kupitia Addis Ababa kama 7,100, na hapo bado kusubiri uwanjani usiku na mama asiyejua Kiingereza vizuri. Nikaongeza pesa nikachukua ya moja kwa moja, maana tangu Mei 2025 Uganda Airlines wanaenda Gatwick, uwanja mmoja wa London, na kabla ya hapo tulikaa karibu miaka kumi bila ndege ya moja kwa moja kwenda London. Sijutii hata shilingi.

Kitu kingine jamani angalieni saa za tiketi. Imeandikwa 10:00, mama akasoma saa kumi, akapanga kutoka nyumbani mchana! Ni saa nne asubuhi, na ukitoka Bombo unavuka Kampala yote na foleni zake ndo uishike barabara ya Entebbe. Halafu saa ya kufika ni ya kule. Mfano unaondoka saa nne asubuhi unafika saa kumi na moja jioni, ukitoa unapata saba, lakini London wakati wa kiangazi wako nyuma yetu masaa mawili, kwa hiyo umekaa tisa. Hii programu haikuonyesha kabisa, wangeiweka ningewapa nyota tano.

Mama alifika salama, alikuwa anasimama kila baada ya muda anatembea kwenye njia ya katikati kama nilivyomwomba. Anarudi mwezi wa kumi na moja, wenzetu watakuwa wamerudisha saa nyuma, tofauti itakuwa masaa matatu, nimeshamwandikia dada aiweke kwenye karatasi ndani ya pasipoti yake.