Muziki wa filamu ya Get Out: toleo la kununua kwanza na yanayoweza kusubiri

Msikilizaji wa Kiswahili anayetaka kununua albamu ya muziki wa Get Out, filamu ya kutisha yenye kejeli ya kijamii iliyoandikwa na kuongozwa na Jordan Peele na kuingia katika kumbi za sinema za Marekani Februari 2017, ana sababu ambayo wanunuzi wengine hawana. Wimbo wake wa ufunguzi, "Sikiliza Kwa Wahenga", umeimbwa kwa lugha yetu. Sauti zinazosikika humo ni za watu weusi waliokufa katika utumwa na mauaji ya kikatili, nazo zinamwonya kijana Chris, mhusika mkuu wa filamu, akimbie, ajiokoe. Chris haelewi, na watazamaji wengi walioketi mbele ya filamu hiyo hawakuelewa, ilhali sisi tunapewa onyo lote tangu dakika za mwanzo. Kwa hiyo nimeyapanga matoleo kwa kipimo kimoja tu, yaani namna kila toleo linavyotufikishia maneno yale, hasa yanapotamkwa kwa kunong'ona.

Kwanza mnunuzi ajue anachonunua. Mtunzi ni Michael Abels, ambaye Peele alimfikia baada ya kukuta mtandaoni kazi yake ya okestra iitwayo Urban Legends, na huu ulikuwa muziki wake wa kwanza kwa filamu ndefu. Peele alitaka sauti za Wamarekani weusi zisizobeba tumaini lolote, na hilo ni ombi gumu, kwa kuwa muziki wa injili na hata blues huacha mlango wa tumaini wazi katikati ya majonzi. Lugha ya Kiswahili ilimsaidia Abels kuufunga mlango huo. Ni kweli kwamba sisi tungesema "wasikilize wahenga" bila hilo neno "kwa", lakini uchaguzi wa neno "wahenga" ni wa kupongezwa, kwa maana haliwataji wazee walio hai bali waliotangulia na kutuachia maneno yao. Anayetafuta wimbo "Redbone", unaosikika pia mwanzoni mwa filamu, aununue katika albamu ya Childish Gambino ya mwaka 2016, Awaken, My Love!, kwa kuwa albamu yenye jina la Abels ni ya muziki alioutunga kwa ajili ya filamu.

Nafasi ya kwanza naipa faili ya kupakua isiyopunguzwa chochote, kwa mfano ya FLAC. Muziki wa aina hii huishi katika tofauti kati ya ukimya na kishindo: kwaya inanong'ona, nyuzi zinatambaa chini kabisa, kisha okestra nzima inamrukia msikilizaji. Sauti ya dijitali ya biti 16 ina nafasi ya takriban desibeli 96 kati ya kelele yake ya chini na kilele, ilhali santuri iliyo safi huishia karibu na 60 au 70. Maana yake ni kwamba chini ya nong'ono hakuna mvumo wala mikwaruzo, na silabi ya mwisho ya neno inasikika kabla haijazimika. Faili hiyo ni yako hata ukiacha kulipia huduma yoyote, na unaweza kuinakili kwenye diski ya akiba. Albamu ilitolewa na Back Lot Music, kwa hiyo kabla ya kulipa hakikisha kwamba jina hilo na la Abels yote yapo, kwa kuwa muziki wa filamu maarufu hurekodiwa upya na watu wengine na kuuzwa chini ya majina yanayofanana mno na ya asili.

Santuri inakuja ya pili, nami naiweka hapo kwa uzito wa moyo kwa sababu ninazipenda santuri. Waxwork Records, kampuni ya Marekani iliyojijengea jina kwa muziki wa filamu za kutisha, imeutoa muziki huu katika umbo hilo, na anayependa kushika jalada kubwa mkononi na kukaa kitako kusikiliza upande mzima bila kurukaruka hatajuta. Lakini nunua ukiwa na sindano nzuri iliyorekebishwa ipasavyo. Herufi "s" na "sh", na jina la wimbo huu lenyewe linaanza kwa "s", ndizo zinazoisumbua sindano kuliko sauti nyingine, na husumbua zaidi kadiri mfereji unavyokaribia katikati ya santuri. Muziki wa ufunguzi unanufaika kwa kukaa karibu na ukingo wa nje. Usilipe zaidi kwa sababu tu ya gramu 180, kwani uzito huo huifanya santuri iwe imara mkononi lakini haubadilishi kilichochongwa ndani yake.

Santuri iliyokwisha kutumika ni jambo jingine kabisa. Niliwahi kununua ya filamu nyingine kwa kuamini picha ya jalada peke yake, nikaletewa iliyopinda kiasi kwamba sindano ilikuwa ikipanda na kushuka kama mtumbwi. Omba picha ya santuri yenyewe ikiwa imeinamishwa chini ya mwanga, uliza kama imechezwa ikasikilizwa kabla ya kuuzwa, na kama muuzaji hataki kujibu, achana naye. Mkwaruzo mdogo ambao katika muziki wa dansi usingeusikia, hapa utausikia, kwa kuwa unaangukia penye ukimya.

Kusikiliza mtandaoni kwa usajili nakupa nafasi ya tatu, na kuna kazi moja ambayo njia hiyo inaifanya vizuri, nayo ni kukusaidia kuamua kama unaihitaji albamu nzima. Vipande vingi vya muziki wa filamu ni vifupi, na si kila mtu atafurahia kuvisikiliza bila picha. Fungua mipangilio uchague ubora wa juu kabisa, zima kile kinachosawazisha sauti za nyimbo tofauti, kisha sikiliza wimbo wa ufunguzi kwa hedifoni chumba kikiwa kimya.

Faili ndogo zilizobanwa sana, za kilobiti 128 kwa sekunde, ziko mwisho, na siwezi kumshauri mtu azilipie. Sauti ya kiwango cha CD hutumia kilobiti 1,411, na katika kupunguza kiasi hicho chote sauti nyembamba za juu ndizo huumia mapema. Nong'ono linageuka kuwa mchirizi wa maji, na kwa msikilizaji anayeielewa lugha hii, onyo lenyewe linakuwa limepotea.