Gombe kwa miguu: raba za mtumba zilivyoniumbua

Nimekaa Mwanga, hapahapa Kigoma mjini, miaka tisa bila kukanyaga Gombe, hifadhi ya sokwe iliyo kaskazini mwa mji, kando ya Ziwa Tanganyika. Nilidhani ni mambo ya wazungu. Mwezi wa saba nikajitosa, mimi na wifi yangu.

Tulipanda boti ya abiria Kibirizi, ile inayopeleka watu na mizigo vijiji vya kaskazini. Iliondoka mchana, tukakaa majini karibu saa tatu tumebanwa na viroba vya unga. Ni rahisi kuliko kukodi boti, lakini ujue lazima ulale hukohuko. Maboya ya kuvaa omba kabla hamjaondoka; sisi tulipewa baada ya wifi kugoma kukaa. Viingilio havilipwi kwa fedha taslimu, kwa hiyo maliza mambo ya malipo ukiwa bado mjini.

Gombe haina barabara ya gari. Ni miguu tu, pamoja na muongozaji wa hifadhi. Njia ya maporomoko ya Kakombe ni ya kivulini, unafuata kijito, hata mzee anaweza. Pale chini maji yanakurushia manyunyu usoni, unasahau joto la Kigoma.

Kilichonikomesha ni njia ya kwenda kilele cha Jane, pale mtafiti wa sokwe Jane Goodall alipokuwa akikaa na darubini kuanzia mwaka 1960. Ziwa liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na vilele vya huko vinapita 1,500. Unapanda kwa kushika mizizi na nyasi. Raba zangu za mtumba, nilizojisifia sokoni, soli ya kulia ikaachia mbele ikawa inapiga makofi kila hatua. Muongozaji akaifunga kwa kamba ya begi langu. "Taratibu dada, mlima haukimbii." Kushuka ndiko kubaya zaidi, kokoto zinateleza kama maharage.

Sokwe tuliwakuta njiani tukirudi. Barakoa usoni, mita kumi mbali nao, maana mafua yetu yanaweza kuwaua. Mmoja alikuwa anachokoa kichuguu kwa kijiti, anakivuta polepole, anawalamba mchwa kwa midomo, anakirudisha. Hakututazama hata mara moja. Muda wa kuwaangalia ni saa moja, nami niliona kama dakika kumi.

Nyani wa ufukweni ni habari nyingine. Nimeweka chapati mezani, nimegeuka kuchukua chupa ya chai, chapati hakuna. Kuleni ndani, mlango umefungwa.

Ningerudi? Kesho, ila kwa viatu vya maana, na nguo ya mikono mirefu. Watoto chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kwenda kwa sokwe, msije mkawaahidi. Boti ya kurudi hupita asubuhi mapema ikitoka vijijini. Ukiendekeza chai, inakuacha ufukweni na nyani.