Emicizumab: Sindano ya Chini ya Ngozi kwa Watoto Wenye Hemofilia A

Kwa mzazi aliyezoea kumshikilia mtoto anayelia huku muuguzi akitafuta mshipa wa kumwekea faktari ya 8 (protini ya kugandisha damu inayopungua kwa mwenye hemofilia A) mara kadhaa kwa wiki, sifa ya kwanza ya emicizumab ni kwamba hudungwa chini ya ngozi, mara moja kwa wiki, kila baada ya wiki mbili au hata nne. Dawa hii, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, ni kingamwili inayozikutanisha faktari ya 9 iliyoamshwa na faktari ya 10, kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na faktari ya 8, na kwa hiyo hufaa hata pale mwili wa mtoto ulipokwisha kutengeneza vizuizi, yaani kingamwili zinazoizuia faktari hiyo kufanya kazi. Hapo ndipo ninapoipa alama za juu kabisa.

Hata hivyo, ni dawa ya kukinga tu. Damu ikishaanza kuvuja kwa wingi, tiba nyingine huhitajika, na kwa mwenye vizuizi uteuzi wa tiba hiyo ni wa daktari bingwa, kwa kuwa baadhi zikichanganywa na emicizumab huweza kusababisha mabonge ya damu. Kasoro inayonikera zaidi ni kwamba huvuruga kipimo cha aPTT (cha muda ambao damu huchukua kuganda), kikaonyesha damu inaganda vizuri kuliko ilivyo, hata miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho. Wekundu mahali palipodungwa ni jambo dogo. Kwa hemofilia B au ugonjwa wa von Willebrand, ambayo ni magonjwa mengine ya damu kutoganda vizuri, haifai, hivyo vipimo vya faktari vitangulie.