Tovuti ya Fomu 34A: usiku wa matokeo bila runinga

Kwenye uchaguzi wa urais wa Kenya wa Agosti 9, 2022, asiyetaka kukesha mbele ya runinga alipata kitu bora kuliko runinga yenyewe: tovuti ya IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, iliyoweka wazi Fomu 34A za vituo 46,229 vya kupigia kura, nakala za karatasi za matokeo ya urais zilizojazwa kituoni.

Runinga zilisumbua watu kwa sababu ya mpangilio tu. Kila stesheni ilikuwa na makarani wake, wakinakili fomu zilezile kwa utaratibu wao. Ukianza na fomu za Bonde la Ufa, William Ruto anaongoza. Ukianza na za Nyanza, Raila Odinga. Ndiyo maana skrini mbili zilionyesha viongozi wawili kwa wakati mmoja, na mioyo ikaenda mbio bure.

Tovuti ilikuwa rahisi: unachagua urais, kaunti, eneo bunge, wadi, kisha kituo. Fomu ikifunguka, usikimbilie jina la mgombea wako. Jumlisha kura za wagombea wote (2022 walikuwa wanne). Zilingane na jumla ya kura halali. Ongeza kura zilizokataliwa. Zisizidi idadi ya waliosajiliwa, na kituo kimoja hakipaswi kuwa na zaidi ya wapiga kura 700. Kisha shuka chini uangalie sahihi ya afisa msimamizi na za mawakala. Taabu kubwa ni mwandiko: 1 na 7 hufanana sana. Tarakimu ikikutatiza, jumla ya chini ndiyo itakayokuamulia.

Upungufu wa tovuti ni kwamba haikujumlisha chochote. Ni picha za karatasi, basi; aliyetaka hesabu ya taifa ilibidi asubiri. Lakini angesubiri hata kwa runinga: Wafula Chebukati, mwenyekiti wa IEBC wakati huo, alitangaza matokeo Agosti 15, na Katiba inampa mwenyekiti siku saba.

Vituo hufungwa saa kumi na moja jioni na kuhesabu huchukua saa kadhaa, kwa hiyo fungua fomu ya kituo chako kabla ya kulala, nyingine asubuhi. Zima arifa za habari kwenye simu na unyamazishe makundi ya WhatsApp. Mtu akikutumia picha ya fomu, soma jina la kituo pale juu, fungua ile ya tovuti, uzilinganishe mstari kwa mstari.