Nyasi bandia kwenye kilima cha mfinyanzi: tathmini ya kazi tuliyofanyiwa Goba

Kampuni iliyotuwekea nyasi bandia nyumbani kwetu Goba, Dar es Salaam, inastahili sifa kwa kazi iliyofukiwa chini, na inastahili lawama kwa sehemu ya kazi inayoonekana kwa macho. Sitaitaja jina kwa kuwa bado tuna hesabu za kumalizana. Naeleza hata hivyo walichofanya kwa kina, kwa sababu waliojenga kwenye vilima vya Goba, Makongo Juu, Salasala na Kimara wengi wao wanapambana na jambo lile lile: kiwanja kina mteremko, na udongo wake ni wa mfinyanzi, ambao masika hugeuka utelezi na kiangazi hupasuka nyufa. Ukoka ulikuwa umekataa kushika upande wa juu wa uwanja wetu, kwani kila mvua kubwa iliuosha kabla haujatia mizizi.

Kilichonifanya niwaamini ni jinsi walivyoanza. Wauzaji kadhaa wa Kariakoo walikuwa wametupa bei kwa simu, na walichotaka kujua ni idadi ya mita za mraba tu. Msimamizi wa kampuni hii alipofika, kabla ya kutaja fedha yoyote, aliomba jembe na ndoo ya maji. Alichimba shimo dogo, akalijaza maji, akatuomba tulitazame kesho yake. Kisha alichukua donge la udongo, akalilowesha, akalisokota viganjani hadi likawa jembamba kuliko kalamu, akalikunja kuwa pete, na pete haikukatika. "Mama, udongo huu haunywi maji," alisema, "unayashika na kuvimba." Asubuhi iliyofuata maji yalikuwa bado yametuama shimoni.

Hapo ndipo penye siri ya kazi yote. Zulia la nyasi bandia lina vitundu mgongoni, kwa hiyo maji hupita bila shida. Swali ni yanakwenda wapi yakishapita. Kwenye mchanga wa pwani huzama yenyewe. Kwenye mfinyanzi, fundi anayechimba, akajaza kokoto na kutandika zulia juu yake bila kuacha njia ya kutokea maji, anakuwa amemjengea mteja beseni: maji huingia, hukaa, udongo wa chini huvimba, na jua likiwaka husinyaa, na kila unapofanya hivyo zulia huinuka na kushuka nao. Mwenye mbwa atalijua tatizo hili kwa pua kabla ya macho, kwa sababu mkojo nao hubaki humo humo.

Mafundi walichimba kina cha sentimita 15 hivi, wakausawazisha uwanja kwa kuuachia mwinamo wa takriban sentimita 2 kwa kila mita kuelekea mbali na msingi wa nyumba, wakatandaza kitambaa cha jiotekstaili moja kwa moja juu ya udongo. Kitambaa hicho wengi hukiruka ili kupunguza gharama, ilhali kwenye mfinyanzi ndicho kinachozuia kokoto zisididimie kwenye tope na tope lisipande kuziba nafasi zilizo kati ya kokoto. Bomba lenye matundu lililazwa chini ya ukuta wa juu, ambako maji ya kilima hushukia, na jingine likapita upande wa chini. Zikafuata kokoto za Lugoba, kisha vumbi la kokoto, kila tabaka likinyunyiziwa maji kidogo na kushindiliwa kwa mashine kabla ya jingine kumwagwa. Walisisitiza pia kwamba mabomba yamwage maji kwenye mtaro wa barabara na si nyuma ya ukuta, ambako yangemwangukia jirani wa chini, jambo ambalo limewapeleka wakazi wengi wa vilimani kwa mwenyekiti wa mtaa. Mvua za vuli zilipokuja, hapakutuama maji mahali popote uwanjani.

Kasoro zilianza pale ambapo mashine haikufika. Kando ya ukuta wa kuzuia udongo kuna sehemu iliyojazwa wakati wa ujenzi wa nyumba, na udongo wa kujazia huendelea kushuka kwa muda mrefu. Pale walishindilia kwa mkono, tena kwa haraka, na baada ya mvua ukanda wenye upana wa kiganja ulikuwa umebonyea kufuata ukuta mzima. Walirudi kurekebisha, ila kwa kukumbushwa mara nyingi mno.

Maungio yananikera zaidi. Zulia huja katika marobota, nasi tuliwekewa ya upana wa mita 2, kwa hiyo kuna mistari ya kuunganishia ambayo fundi makini huificha kwa kukata kingo sawasawa na kuhakikisha majani yote yamelala upande mmoja. Kipande kimoja kwetu kimelazwa kinyume, na jioni jua likipiga kwa ubavu kinaonekana cheusi kuliko wenzake. Kwenye ungio lililo karibu na baraza, gundi ilipanda juu na kugandisha majani. Ukipitisha kidole unahisi mstari mgumu, na mgongo mweusi wa zulia unachungulia. Mchanga wa silika uliomwagwa kuyasimamisha majani nao umehamia chini ya mteremko, hivyo juu majani yamelala na chini yamejaa mchanga. Kuusambaza upya kwa ufagio si kazi ngumu, lakini ilipaswa kusemwa mapema.

Vilevile hatukuambiwa lolote kuhusu joto. Plastiki hii hupata moto kuliko nyasi za asili, na saa saba mchana mwezi Februari mtoto hawezi kukanyaga pekupeku. Kumwagia maji husaidia kwa muda mfupi tu. Watoto wetu sasa hutoka kucheza baada ya saa kumi, kivuli cha nyumba kikishafika.

Kuhusu bei, zaidi ya nusu ya fedha ilikwenda kwenye uchimbaji, kokoto na mabomba, na naona ilikwenda panapostahili. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, tulipewa bila kuidai. Dhamana, hata hivyo, inahusu kupauka kwa rangi ya nyasi pekee na haigusi kubonyea kwa msingi, ilhali kwenye mfinyanzi msingi ndio wa kwanza kuleta matatizo. Atakayewaita adai kipengele hicho kiandikwe, na azuie sehemu ya malipo hadi masika moja yapite juu ya kazi yao. Sisi tumezuia ya kwetu mpaka ungio la barazani lifumuliwe na kuunganishwa upya, na msimamizi amekubali kwa maandishi.